Kwenye skrini sura, kwenye mbao tope: kutafuta kosa la picha iliyochongwa kwa leza

Picha ikiharibika kwenye mbao, mkono hukimbilia orodha ya mbinu za kugeuza picha kuwa nukta za leza. Jarvis imekataa, tujaribu Stucki. Stucki imekataa, tujaribu Atkinson. Vipande sita vya plaiwudi vinaishia kwenye pipa na sura ya mtu bado haijaonekana. Nimeucheza mchezo huo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Siku hizi mbinu ya kuchakata picha ndiyo naishuku mwisho kabisa. Kabla yake nauliza nukta ya leza ina upana gani, nyenzo yenyewe inaweza kutoa nini, mashine ina mlegezo wapi, na picha imepitia mikono mingapi kabla ya kunifikia.

Kosa liko kwenye picha, kwenye mashine au kwenye mbao?

Kuna jaribio moja la dakika chache linalomaliza ubishi mwingi. Kata sehemu ndogo ya picha, milimita 30 kwa 30, yenye lile kosa linalokusumbua. Ichonge kama kawaida. Kisha izungushe picha nyuzi 90 ndani ya programu, mwelekeo wa mistari ya leza uuache vilevile, uchonge tena pembeni.

Kama michirizi iliyokuwa inakata pua bado inakata pua, kosa limezunguka pamoja na picha, kwa hiyo limo ndani ya faili. Kama sasa michirizi inashuka kando ya pua, maana yake imebaki palepale kwa upande wa mashine: tafuta kwenye mkanda, kwenye lenzi au kwenye mipangilio ya kasi. Bado hujaridhika? Geuza ubao wenyewe. Kosa linalofuata ubao ni nyuzi za mti, na hakuna mbinu ya kompyuta itakayozinyoosha.

Dalili: picha yote imekuwa nyeusi, sura haionekani

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi, na mara nyingi chanzo chake ni hesabu tu. Nafasi kati ya mistari hupatikana kwa kugawa 25.4, milimita za inchi moja, kwa DPI, yaani idadi ya mistari kwa inchi. DPI 254 ni milimita 0.1. DPI 318 ni karibu 0.08. Watu huweka 318, au hata 500, kwa kudhani kwamba namba kubwa huleta picha kali, kama ilivyo kwenye kuchapa karatasi. Leza haina habari na namba hiyo. Nukta yake ina upana wake, na upana huo haupungui kwa sababu umeibana mistari.

Chukua mfano. Nafasi ni 0.08, nukta inayochomeka kwenye mbao ina kipenyo cha 0.12. Kila pikseli ina eneo la milimita za mraba 0.0064, lakini nukta moja inachoma 0.0113, karibu mara mbili. Sasa chukua shavu ambalo kwenye skrini ni kijivu cha katikati kabisa: pikseli moja nyeusi, moja nyeupe, kama ubao wa drafti. Ulitaka nusu ya mbao iungue. Ukihesabu nukta hizo zinavyomwagikia majirani, inaungua asilimia 85 hivi. Shavu limekuwa jeusi, na mbinu yoyote ungeichagua lingekuwa jeusi tu.

Kwa hiyo pima nukta yako kwanza. Chonga visanduku vidogo vilivyojaa mistari, kila kimoja na nafasi yake: 0.20, 0.16, 0.12, 0.10, 0.08. Vitazame kwa lenzi ya kukuza au kamera ya simu iliyosogezwa karibu. Kwenye 0.20 utaona mstari, mbao safi, mstari. Shuka mpaka pale mistari inapogusana bila kupandana. Hapo ndipo nafasi yako kwa nyenzo hiyo, kwa nguvu hiyo na kasi hiyo. Ukibadilisha chochote kati ya hivyo, pima upya, maana nguvu ikizidi moto hutambaa pembeni na nukta hunenepa.

Kama kwa sababu fulani huwezi kupanua nafasi, zipo njia tatu. Baadhi ya programu zina sahihisho la upana wa nukta, ambalo huizima leza mapema kidogo kila inapomaliza doa jeusi. Au ing'arishe picha kwa kupandisha gama, kitelezi kinachogusa zaidi toni za katikati, ili kijivu cha katikati kipae na nyeusi halisi ibaki nyeusi. Usitumie kitelezi cha mwangaza kwa kazi hii, kwa sababu hunyanyua kila kitu pamoja, na nyeusi zako zote huwa majivu. Ya tatu ni kushusha nguvu, ila ukishusha mno nukta nyingine hazitachomeka kabisa.

Kwa wenye bodi za GRBL, programu inayoendesha mashine nyingi ndogo za leza, kuna mtego wa pekee. Mpangilio wa $30 huiambia bodi namba ipi ndiyo nguvu kamili. Kama programu inatuma kuanzia 0 hadi 1000 na bodi imewekewa 255, basi kila kijivu kinachozidi robo kinapigwa kwa nguvu zote. Picha ya toni za kijivu inatoka kama kivuli cha ukutani. Kinyume chake, programu ikituma 0 hadi 255 na bodi ikisubiri 1000, hutavuka robo ya nguvu hata ukiweka asilimia 100. Linganisha namba hizo mbili kabla ya kugusa kitu kingine.

Dalili: toni nyepesi zimetoweka, au picha ina ngazi ngazi badala ya kufifia taratibu

Hapa swali la mbinu linaanza kuwa na maana, kwa sababu linahusu nyenzo inaweza nini.

Toni za kijivu hufanya kazi kwa kubadilisha nguvu: sehemu nyeusi nguvu nyingi, sehemu ya kijivu nguvu kidogo. Mbinu za nukta, ambazo wengi huziita ditheringi, hazibadilishi nguvu. Leza inawaka au haiwaki, na kijivu ni udanganyifu wa jicho unaotokana na wingi wa nukta mahali fulani. Basi jiulize: nyenzo yangu ikipigwa nusu ya nguvu, inatoa nusu ya rangi?

Mbao laini zenye rangi sawa, kama za baswudi (basswood) au mepo (maple), hutoa kahawia kadhaa, kwa hiyo toni za kijivu zinawezekana. Jiwe la sleti, alumini ya anodaizi, kioo na kigae kilichopakwa rangi hazijui nusu. Chini ya kiwango fulani hakuna kinachotokea. Juu yake alama inatokea, na ikishatokea haina mengi ya kuongeza. Kwenye hizo, tumia nukta bila kusita. Ninachoamini mimi: hata kwenye mbao, kwa picha za watu nukta hushinda mara nyingi. Toni za kijivu ninaziwekea michongo ya kina, ile ambayo nyeusi ni shimo na nyeupe ni uso wa juu, kwa sababu hapo ninachotaka ni kina na si rangi.

Ukiamua kubaki na kijivu, toni nyepesi zinapotea kwa sababu nguvu ya chini imewekwa sifuri. Mirija ya kioo ya leza za gesi ya CO2 huwa haiwaki kwa uhakika chini ya asilimia kumi hivi, na mbao nazo zina kizingiti chao. Chonga ukanda unaopanda kutoka 0 hadi 100, tafuta alama ya kwanza inayoonekana, uiandike kama nguvu ya chini. Kisha tafuta mahali ambapo weusi umekoma kuongezeka na mbao zimeanza tu kuchimbika: hiyo ndiyo nguvu ya juu. Ngazi ngazi nyingi hupona hapo hapo, kwa sababu ulikuwa unapoteza toni kwenye ncha zote mbili.

Mirija hiyo hiyo ina uvivu mwingine. Inachukua karibu milisekunde moja kuitikia amri. Kichwa kikikimbia milimita 400 kwa sekunde, milisekunde moja ni milimita 0.4, yaani pikseli nne kwenye DPI 254. Ndiyo maana kope na nywele hugeuka ukungu kwa kasi kubwa hata fokasi ikiwa sawa. Leza za dayodi huwaka na kuzima haraka zaidi, lakini zina nguvu ndogo na kasi yao inabanwa na mambo mengine nitakayoyafikia.

Dalili: nukta zinaonekana, lakini sura ina minyoo, mabaka au ngozi ya karatasi

Mbinu za nukta hazitofautiani kwa uzuri au ubaya. Zinatofautiana kwa jinsi zinavyogawa kosa. Pikseli ya kijivu ikilazimishwa kuwa nyeusi au nyeupe, kuna tofauti inayobaki, na tofauti hiyo wanapewa majirani ambao bado hawajahesabiwa.

Floyd-Steinberg, ya mwaka 1976, inagawia majirani wanne tu: 7/16 kulia, kisha 3/16, 5/16 na 1/16 chini. Kwa kuwa inagawa karibu, ni kali na inashika maelezo madogo. Lakini kwenye anga, ukuta mweupe au paji la uso lililopauka, nukta hujipanga mikia mikia kama minyoo. Ukiiona, nenda Jarvis, ambayo hugawa kwa majirani kumi na wawili. Minyoo hupungua na mpito wa toni unalainika, kwa gharama ya ukali kidogo. Stucki inatumia majirani hao hao kumi na wawili kwa uzani mwingine, na kwenye mbao sijawahi kuona tofauti yake na Jarvis inayostahili kupotezea kipande cha plaiwudi.

Atkinson ni mkorofi kwa faida yako. Hugawa sita kwa nane tu ya kosa, robo inatupwa. Matokeo yake ni kwamba sehemu nyepesi huwa nyeupe kabisa na sehemu nzito huwa nyeusi kabisa. Kama dalili yako ni picha iliyopooza, yenye kijivu kila mahali, ijaribu. Kama dalili yako ni mashavu yaliyopauka mpaka pua inaelea peke yake, pengine unaitumia tayari, iache.

Mpangilio wa Bayer huacha gridi inayoonekana, na kwa sura ya mtu siupendi. Hafutoni, yaani nukta kubwa na ndogo zilizopangwa kwa safu kama kwenye magazeti, ina kazi yake halisi: pale ambapo nyenzo haiwezi kushika nukta moja ndogo iliyo peke yake. Nukta ya hafutoni ni kundi la pikseli, haipotei kirahisi. Mbinu ya kizingiti, ile inayofanya kila pikseli kuwa nyeusi au nyeupe bila kugawa kosa, itumie kwa nembo, maandishi na michoro ya mistari. Ukichonga nembo kwa Jarvis, kingo zake zitakuwa na manyoya, na hilo nalo huletwa kwangu kama tatizo la mashine.

Kuhusu vinukta vilivyotapakaa kama pilipili manga nyuma ya mtu: mandhari si nyeupe. Jicho linaona nyeupe, programu inaona 246 badala ya 255 ambayo ndiyo nyeupe kamili, na kwa kuwa kosa halipotei, kila baada ya pikseli kadhaa lazima nukta moja idondoke. Kata mandhari yote au vuta nyeupe mpaka ifike 255.

Na noa picha kupita kiasi. Ikipendeza kwenye skrini bado haijatosha. Nywele, kope na mistari ya midomo ziwe kali mpaka uone aibu kidogo, kwa sababu mbao zitakula sehemu kubwa ya ukali huo.

Dalili: mawimbi, gridi au mabaka yanayojirudia

Ukishapata picha ya nukta, usiibadilishe ukubwa. Hata asilimia mbili. Pikseli za picha na mistari ya leza zitaacha kulingana, zitapishana na kurudi kukutana kila baada ya umbali fulani, na pale zinapokutana huzaliwa wimbi. Panga ukubwa kwa milimita kwanza, weka DPI inayolingana na nafasi uliyopima, fanya nukta mwisho kabisa. Kama nukta zilifanywa kwenye programu nyingine, iambie programu ya leza ipitishe picha kama ilivyo, isiichakate tena.

Niliwahi kumaliza jioni nzima na picha ya mzee mmoja aliyekuwa na vumbi la ajabu kuzunguka kofia. Nilibadilisha lenzi, nikakaza mkanda, nikapima fokasi mara tatu. Nilipoikuza faili mpaka pikseli zikaonekana moja moja, nikakuta nukta ndani ya nukta: mtu alikuwa ameshaichakata, akaihifadhi kama JPEG, akaituma kwa simu. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila ukingo mkali hupata ukungu pembeni. Nukta zangu zilikuwa zinachora ule ukungu kwa uaminifu mkubwa. Siku hizi kitu cha kwanza ni kuikuza picha mara nane na kuiangalia, kisha kuomba ya asili. Iliyochakatwa huhifadhiwa kwa PNG au BMP.

Dalili: kila ukingo wa wima una pacha wake

Leza inayochonga ikienda na ikirudi huchelewa kidogo kila upande, na kuchelewa huko kunaelekea pande tofauti. Mstari wa wima unatoka kama meno ya msumeno, na macho yanakuwa mawili mawili. Chonga kipande kwa kwenda tu. Kikitoka safi, umepata chanzo. Tafuta sahihisho la mwendo wa pande mbili kwenye programu, ulijaze kwa kila kasi unayotumia, kwa sababu pengo hukua kasi ikipanda. Lakini kama pengo halibadiliki kasi ikishuka, hilo ni legezo la kweli: mkanda au gia yake ndogo iliyofungwa vibaya kwenye mhimili.

Kingo za kulia na kushoto zikiwa nyeusi kuliko katikati, kichwa kinapunguza kasi pale huku leza ikiendelea kuwaka. Ongeza umbali wa kuvuka ukingo, ili kugeuka kufanyike nje ya picha. Kwenye GRBL hakikisha pia mpangilio wa $32, unaowasha hali ya leza, ni 1 na programu inawasha leza kwa amri ya M4, ambayo hupunguza nguvu kasi inapopungua. Amri ya M3 haijali.

Dalili: sura ya mzimu, weusi na weupe vimebadilishana

Jiwe la sleti, kioo na metali zilizopakwa rangi nyeusi huwa nyeupe pale leza inapopita. Geuza picha iwe hasi kabla ya kuchagua mbinu, kisha rekebisha gama ukiwa unaitazama ikiwa hasi. Ukirekebisha kwanza na kugeuza baadaye, marekebisho yote yanakwenda kinyume.

Kioo kina ugonjwa wake wa kumeguka. Nyeusi iliyojaa hukusanya joto na uso unabanduka vigamba. Badilisha nyeusi hiyo kuwa kijivu cha asilimia 80, uitie nukta, upunguze DPI. Hapo kila mpasuko mdogo unapata nafasi ya kupumua. Ngozi bandia yenye plastiki ya PVC sitakupa mipangilio yake, kwa sababu hutoa gesi yenye klorini inayokula mashine na mapafu, haichongwi.

Msonobari nao huchosha. Nyuzi zake ngumu na laini zinapishana, kila moja inaungua kwa namna yake, na mistari inapita usoni mwa mtu kama nyavu. Badilisha ubao.

Dalili: madoa meusi madogo yanayotokea mahali popote, kichwa kinasitasita

Sikiliza mashine. Mwendo wa picha unatakiwa kuwa sauti moja ndefu. Ukisikia kugugumiza, data haifiki kwa wakati. Bodi inayopokea biti 115,200 kwa sekunde inapata kama herufi 11,500 kwa sekunde. Kila pikseli ya kijivu inahitaji amri ya herufi kumi hivi, kwa hiyo pikseli 1,150 kwa sekunde. Kwenye DPI 254 hiyo ni milimita 115 kwa sekunde, karibu 6,900 kwa dakika, na hapo ni kila kitu kikienda vizuri. Ukiweka 10,000, kichwa kitafika mwisho wa amri na kusubiri, na pale kinaposubiri ndipo doa linapobaki.

Toni za kijivu ndizo mzigo mzito kuliko zote, kwa sababu karibu kila pikseli ina nguvu yake. Kizingiti kina amri chache, kwani eneo lote jeusi ni amri moja ndefu. Nukta ziko katikati, na Atkinson, kwa zile nyeupe zake zilizo tupu, huwa nyepesi kuliko Jarvis. Jaribu picha hiyo hiyo kwa 5,000 kwa dakika na nguvu iliyoshushwa kulingana na kasi. Madoa yakitoweka, waya wa USB ndio uliokuwa umebanwa. Bodi yako ikiwa na kadi ya kumbukumbu, peleka faili huko, uchonge bila kompyuta.